Meza ya Vioo: Darasa la kwanza, chupa za Tanga na sahani yenye ukungu

Toleo lililopita niliandika mistari michache kuhusu sanaa ya kuunganisha vioo kwa moto wa tanuri, nikadhani nimemaliza. Barua zilizoingia zimenizidi, kwa hiyo nimechagua hizi chache. Kwa aliyekosa toleo lile: hapa hatuzungumzii kupuliza kioo kwa mrija, wala madirisha ya kanisani yanayoshikwa kwa madini ya risasi. Kioo kinakatwa kikiwa baridi, kinapangwa mezani kipande juu ya kipande, kinaingizwa tanurini, na kinatoka kimekuwa kitu kimoja.

Salaam aleikum Bi Vioo. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Likoni. Binti yangu aliye Nairobi amenilipia darasa la siku moja la vioo, zawadi ya kustaafu. Sijawahi kuchora hata kuku ubaoni watoto wakamtambua. Bwana nyumbani anacheka, anasema nitarudi na vidole vyote vimefungwa bandeji. Huko hufanywa nini hasa? Nivae nini? Na je, jioni nitarudi na sahani yangu? — Mwalimu, Likoni

Waaleikum salaam, mwalimu. Mwambie bwana kwamba bandeji tunazo, ila hazitumiki anavyodhani. Wanaojikata hawajikati wakati wa kukata kioo, maana hapo kila mtu huwa na adabu. Hujikata baadaye, wanapopangusa meza kwa kiganja. Zile chenga hazionekani. Tumia brashi, kila mara brashi, hata kama meza unaiona safi. Vaa viatu vya kufunika vidole, si ndala. Mtandio ufungwe nyuma, mikono ya baibui ikunjwe. Miwani ya kukinga macho utapewa hukohuko. Ya kusomea njoo nayo mwenyewe, tena usiisahau, kwa sababu kazi yote iko karibu na pua.

Saa ya kwanza, kama mwalimu wako ni mwalimu kweli, hutagusa rangi. Utapewa kioo cha dirisha cha milimita 3, kisicho na thamani, pamoja na kikatio: mpini wenye kigurudumu kidogo cha chuma kigumu nchani, kilichochovywa mafuta ya taa. Babangu alikuwa akikata vioo vya madirisha na vya fremu za picha pale Mji wa Kale, na aliyonifundisha kuhusu kikatio ndiyo ninayowafundisha watu leo, sina jipya. Kisimamishe wima. Anzia ukingoni, malizia ukingoni, mwendo mmoja, nguvu ileile. Macho yasikusumbue, wewe sikiliza: kigurudumu kikishika vizuri hutoa mlio mwembamba usiokatika, kama leso mpya inayochanwa. Pakiwa kimya, umebonyeza kidogo. Ukiona unga mweupe unaruka kando ya mstari, umebonyeza mno. Na ukishapita mara moja usirudie. Mwenye kurudia mstari huharibu kigurudumu, na kioo nacho hukatika kinakotaka chenyewe.

Maana mpaka hapo hujakata kitu, umekwaruza tu. Sasa shika pande mbili za mstari, vidole gumba juu, vingine vimekunjwa chini, halafu geuza mikono kwa nje. Kioo kinaachana kwa mlio mfupi mkavu, na yule mtu aliyekuwa akiogopa asubuhi utamwona anatafuta kingine cha kukata. Vidole vikikosa nguvu (vyangu vya gumba siku hizi vinauma) kuna plaisi yenye mdomo uliopinda. Unalinganisha alama yake ya katikati na mstari, unabana taratibu, ufa unakimbia wenyewe hadi upande wa pili.

Kuhusu kuchora, ondoa hofu. Kioo hakipendi mchoro wa mambo mengi. Kona ya ndani, ile ya herufi L, haikatiki kwa kikatio, kwa sababu ufa haujui kupiga kona. Kwa hiyo majahazi, samaki na vipepeo ambavyo watu huja navyo kwenye simu huishia kugeuzwa mistari, pembetatu na miraba, na hapo ndipo vinapopendeza. Mtu aliyechora pembe za hesabu ubaoni miaka yote hiyo anawazidi wasanii wengi siku ya kwanza.

Utapewa kioo angavu kiwe msingi, tuseme sentimita 15 kwa 15, na juu yake utapanga rangi. Unene wa jumla uwe milimita 6, yaani tabaka mbili za tatu tatu. Hili si sharti la mwalimu. Kioo kikiyeyuka kabisa hujivuta chenyewe kufikia unene wa karibu milimita 6. Ukiweka tabaka moja tu, kitasinyaa kingo zikiwa nene na katikati kumebaki kwembamba, na ukirundika tabaka nne kitamwagika pembeni. Osha kila kipande, kikaushe, kisha ukishike kwa kingo, kwa kuwa alama ya kidole inaweza kuungua humo ikabaki daima. Gundi nyeupe unatia tone dogo pembeni, ya kushikilia vipande visihame mnapobeba kazi kwenda tanurini. Yenyewe huungua yote, haiunganishi chochote.

Rangi zitakuchezea shere. Baadhi ya vioo vyekundu na vya machungwa huingia tanurini vimepauka, karibu na manjano, na rangi yao huiva kwa moto. Halafu kuna vioo ambavyo vikigusana hutoa kitu cha tatu: chenye shaba ndani yake, kama feruzi nyingi zilivyo, kikilala juu ya chenye salfa, kama krimu fulani, utakuta mstari wa kahawia nzito pale vilipokutana. Kuna wanaoukimbia mstari huo. Mimi huutafuta.

Sasa sahani. Jioni hutarudi nayo, mwalimu, na darasa litakalokuahidi hivyo usiliamini. Tanuri hupanda taratibu, husubiri kwenye nyuzi joto 650 au zaidi kidogo ili hewa itoke kati ya tabaka, kisha hukimbia hadi karibu na nyuzi 800, na huko juu hukaa dakika kumi hivi tu. Wageni hudhani hapo ndipo penye kazi. Kazi ni kushuka. Kioo cha kampuni ya Bullseye, ambacho madarasa mengi hutumia, hushikiliwa kwenye nyuzi 482 kwa saa nzima ili kitulie, ndani na nje viwe na joto moja, kisha hushushwa polepole. Mpaka kifuniko kifunguliwe, mara nyingi ni kesho yake. Na kinachotoka bado ni kipande bapa. Ili kiwe sahani, kinarudi tanurini juu ya kalibu ya udongo, safari hii nyuzi 650 hadi 680 tu, kinalegea na kuketi ndani ya kalibu kwa uzito wake. Usiku mwingine huo. Ongeza foleni ya wanafunzi wenzako, tegemea wiki moja au mbili.

Bwana akiuliza ni darasa gani la siku moja lenye wiki mbili, mwambie ashukuru. Mwaka 1934 kiwanda cha Corning, jimbo la New York, kilimimina kioo cha tani 20, kipana mita 5, kwa ajili ya darubini ya Palomar kule California. Cha kwanza, cha mwezi Machi, kilitoka na kasoro kwa sababu vipande vya kalibu viling'oka vikaelea ndani ya kioo cha moto. Wakamimina cha pili Desemba, na hicho walikipoza kwa miezi kumi. Kile chenye kasoro hawakukitupa, kimo katika jumba la makumbusho la vioo la mji huohuo wa Corning.

Kabla ya siku yenyewe, piga simu uulize jambo moja: vioo tutakata wenyewe au tumekatiwa? Yako madarasa ambapo unakuta vipande vimeshakatwa vimejaa bakuli, unapanga, unapigwa picha, saa moja na nusu umeondoka. Ni starehe nzuri kwa sherehe ya kuzaliwa. Ikiwa binti amelipia hilo, mwombe aongeze kidogo alipie lile jingine.

Shikamoo Bi Vioo. Nina miaka 23, naishi Ngamiani, Tanga. Nimejifunza kwa video. Rafiki yangu ana tanuri la umeme la kuchomea vyungu, tukaweka vipande vya chupa ya kijani juu ya kioo cha dirisha. Kilitoka kizuri ajabu, nikakiweka juu ya kabati sebuleni. Usiku wa tatu tukasikia "ta!", asubuhi kimepasuka palepale kijani kilipokutana na cheupe. Hakuna aliyekigusa. Bibi anasema ni kijicho cha jirani aliyekuja akakisifu. Naomba kujua kabla hatujagombana. — Kijana wa chupa, Tanga

Marahaba, mwanangu. Jirani muombe radhi, hata kama ni kimoyomoyo.

Kila kioo hutanuka kikipata joto na kunywea kikipoa, na kila aina ina kiasi chake. Viwanda vya kioo cha sanaa hukiandika kiasi hicho kwa namba, na utakazokutana nazo sana ni 90 na 96. Namba 90 maana yake kioo hicho hutanuka sehemu 90 katika kila milioni kumi kwa kila nyuzi moja ya joto. Utasema ni kitu gani hicho. Basi piga hesabu. Chukua ukanda wa 90 na ukanda wa 96, kila mmoja sentimita 30, uviunganishe kwa moto. Vikishashuka chini ya nyuzi 500 hivi, vimeganda, haviwezi tena kuteleza vikajipanga upya. Kuanzia hapo hadi joto la sebule yako mmoja unataka kunywea kuliko mwenzake kwa karibu milimita 0.08. Basi ni hiyo tu. Huyu anavuta, huyu anagoma, na wameshikana hawawezi kuachana. Pengine kipasuke humohumo tanurini, pengine usiku wa tatu, pengine mwakani mtu akikiweka dirishani jua la mchana.

Na hizo 90 na 96 ni ndugu wa karibu. Chupa na dirisha ni ukoo mwingine kabisa, namba zao hazikuandikwa popote utakapoziona, na chupa mbili za kijani kibichi zinazofanana dukani huenda zimetoka viwanda viwili. Kwa hiyo usichanganye. Chupa uliyoivunja iyeyuke na vipande vyake yenyewe. Kioo cha dirisha, vipande vyote vitoke bamba moja.

Kuna njia ya kuona mvutano huo kabla haujakuaibisha. Tafuta miwani ya jua ya bei nafuu ya ile aina ya polaroidi, inayokata mng'aro wa maji na lami. Toa lenzi zote mbili, weka moja juu ya nyingine mbele ya taa, uzungushe ya juu mpaka pawe giza. Sasa ingiza kioo chako katikati yake. Kikiwa kimetulia, giza linabaki. Kikiwa na mvutano, utaona mwanga mweupe umezunguka kile kipande ulichounganisha, hasa kwenye pembe zake. Mwanga ukiwa mkali, usimpe mtu zawadi hiyo. Njia hii inafaa vioo vinavyopitisha mwanga tu, vile vizito vya maziwa havitakuonyesha kitu. Hata hivyo, kama kuna kifaa kimoja cha kununua mwaka huu, nunua hicho.

Dirisha lina mambo yake mengine. Kioo cha dirisha cha siku hizi hutengenezwa kwa kuelea juu ya madini ya bati yaliyoyeyuka, njia ambayo kampuni ya Pilkington ya Uingereza iliitangaza mwaka 1959. Upande uliogusa bati hubaki na chembe zake na tanurini unaweza kutoa utando. Piga alama za wino upande mmoja wa bamba kabla hujakata, ili vipande vyote vilale mkao mmoja, kisha uzioshe mwisho. Kinataka pia moto zaidi kuliko kioo cha sanaa, kwenye nyuzi 830 hivi, na kituo chake cha kutulia wakati wa kushuka kiko juu zaidi, karibu na 550.

La tanuri la vyungu sikukatazi, ila ujue nyaya zake ziko ukutani, wakati tanuri la vioo huwa na nyaya zake kwenye kifuniko. Kioo chako kinapata joto kingoni kabla ya katikati, na hapo ndipo kinapokatika vipande viwili kikiwa bado hakijaanza hata kulegea. Panda si zaidi ya nyuzi 100 kwa saa mpaka uvuke 550, baada ya hapo harakisha utakavyo. Rafu uipake ule uji mweupe wa kaolini na alumina, ukauke kabisa, la sivyo utakuwa umemchomea rafiki yako rafu.

Na ukitaka kuona chupa zikitendewa haki, tafuta habari za mafundi wa Kikrobo wa Ghana. Wanatwanga chupa hadi unga, wanachekecha, wanajaza unga kwenye kalibu za udongo zenye vishimo, na katikati ya kila kishimo wanasimamisha kijiti cha jani la muhogo. Tanurini unga unashikana, kijiti kinaungua, shanga inatoka na tundu lake. Kwa rangi huchanganya unga wa kioo angavu na rangi za vyungu, kwa hiyo hawahitaji kioo cha kigeni. Muhogo Tanga upo, chupa zipo. Ila ukianza kutwanga, kitambaa puani hakitoshi. Vumbi la kioo halitoki kifuani likishaingia. Vaa barakoa ya N95, lowesha unga, na usiufagie ukiwa mkavu.

Bi Vioo, nakuandikia kutoka Maskati, mimi ni Mzanzibari wa hapa. Nilisoma darasa la jioni, sahani yangu ikatoka na ukungu mweupe upande mmoja, na povu limepasuka katikati likaacha kishimo chenye ukingo mkali. Mwalimu akasema "ndiyo sanaa". Nataka kuitumia kuandalia halua Idi. Inafaa? Na naweza kuitia kwenye maikrowevu? — Mama wa halua, Maskati

Mwalimu wako ana moyo mzuri, dada, lakini hiyo si sanaa, ni tanuri. Ukungu huo ni kioo kilichoanza kugeuka fuwele usoni. Hutokea kikikawia kwenye nyuzi 700 na kitu, hasa kikiwa na uchafu au kikiwa cha aina isiyotengenezwa kwa kazi hii. Unatibika: uso usuguliwe mpaka ukungu uondoke, uoshwe, unyunyiziwe tabaka jembamba la unga wa kioo angavu, urudi tanurini. Povu nalo ni hewa iliyonaswa chini ya kioo, tanuri likapanda kwa pupa bila ile subira ya nyuzi 650 niliyomweleza mwalimu wa Likoni. Kishimo kikubwa hakizibiki kikapendeza.

Kwa halua, hapana. Halua itaingia kishimoni, hutaitoa, na ule ukingo mkali si wa kumwekea mgeni. Ingekuwa nzima, ningekwambia sawa kwa vyakula vikavu na halua iliyokwisha poa, si ile inayochotwa moja kwa moja kutoka sufuria ya jikoni, na uulize kama uso wa juu ni kioo angavu, kwa sababu baadhi ya rangi zina kadimi au risasi, madini yenye sumu. Ioshe kwa mkono. Maikrowevu usithubutu. Kioo cha rangi nyingi hakipati moto sawasawa humo, na wewe mwenyewe umeshaona kioo kisichopata moto sawasawa kinavyofanya.

Jambo Mama Vioo. Mimi ni mtu wa Uvira, nilipita kambi ya Nyarugusu, sasa niko Portland, Oregon, kazi ya usiku kwenye ghala. Mwenzangu alinipeleka darasa la vioo nikalipenda mno. Nafikiri kununua tanuri dogo, nifanye heleni na vidani vya kuuza, halafu baadaye nilitume Kigoma kwa mdogo wangu. Unanishauri namna gani? — Ndugu wa usiku

Jambo, kaka. Umeangukia mjini kwake: Bullseye ilianzishwa hapo Portland mwaka 1974, na kioo ambacho sisi tunakisubiri bandarini miezi, wewe unakipata kwa basi. Tumia bahati hiyo kabla ya kutumia pesa. Tanuri usinunue bado. Karakana nyingi za vioo huchomea watu kazi zao kwa ada ndogo, au hukodisha nafasi kwenye rafu. Choma kwa wenzako mpaka ujue unachotaka kutengeneza, ndipo ununue tanuri la ukubwa huo. Wanaoanza kwa kununua, tanuri lao huishia kubeba vyungu vya maua.

Heleni ni chaguo la busara, kwani kanuni ya milimita 6 inakufanyia kazi bure. Kata miraba miwili ya sentimita moja na nusu, ya rangi chini, angavu juu. Ikifika 800 pembe zinajivuta, kinatoka kitone kilichovimba vizuri bila wewe kusaga hata ukingo mmoja. Ukitaka pembe zibaki na vipande vionekane vimekaa juu, ishia kwenye 740 hivi. Kishikizo cha nyuma kibandike kwa gundi ya sehemu mbili, na ukwaruze kidogo kioo mahali pa gundi, maana kioo laini hakishiki.

Kuhusu kulituma Kigoma, simama hapo. Tanuri la Marekani la mezani ni la volti 120, na soketi ya Tanzania inatoa 230. Kwa nyaya za joto, volti zikikaribia mara mbili, nguvu inakaribia mara nne, zitaungua siku ya kwanza. Transfoma ya kubeba mzigo huo ni nzito na ghali. Isitoshe mdogo wako atapata wapi kioo cha 90, kama hicho cha Bullseye, huko Kigoma? Msomee jibu la kijana wa Tanga kwenye simu, aanze na chupa. Wewe mtumie barakoa na lenzi za polaroidi, hizo ni nyepesi.

Mtu akitengeneza vioo Kitengela na mwingine akitengeneza darasani kwenu, ni kazi moja? — Msomaji, Rongai

Hapana. Kitengela, kwenye karakana za familia ya Croze, utaona kioo kikipulizwa kwa mrija kikiwa na moto wa nyuzi elfu moja na zaidi, kikitumia vioo vya madirisha vilivyovunjika. Huko fundi ana dakika chache tu, na mwili wake wote unafanya kazi. Arusha nako kuna Shanga, ambako watu wenye ulemavu hutengeneza vyombo na shanga kwa chupa zilizotumika. Darasani kwetu unaweza kukaa na kipande kimoja asubuhi nzima ukikihamisha kushoto na kulia, ukaenda kunywa chai, ukakirudia. Ukaribu ni mmoja, nao kupoza: vyao pia hulala kwenye tanuri la kupozea. Nenda ukatazame, lakini usiende ukidhani utafundishwa jioni moja.

Umeme ulikatika tanuri likiwa kwenye nyuzi 800. Nilifungua kifuniko kuangalia kama kioo kimeharibika, nikasikia kinapasuka. Ningefanya nini? — Tabata, Dar es Salaam

Ungeacha kifuniko kimefungwa. Tanuri la matofali lililojaa joto hujipoza lenyewe kwa saa nyingi, na kazi ndogo ya milimita 6 mara nyingi husalimika. Yale mepesi yenye kuta za sufi isiyoungua hupoa haraka zaidi, hata hivyo bado ni bora kuliko upepo wa Tabata. Likishapoa kabisa na umeme ukirudi, lipandishe polepole hadi nyuzi za kutulia za kioo chako, lishikilie hapo saa moja, ulishushe upya kwa utaratibu. Kama umeme ulikatika wakati wa kupanda, soma kipimo kinasema ngapi, endelea kutoka hapo kwa mwendo wa taratibu. Ukinunua tanuri, uliza kama kidhibiti chake huendelea chenyewe umeme ukirudi au huzima moja kwa moja. Na hakikisha LUKU, mita yako ya umeme wa kulipia kabla, ina uniti za kutosha kabla hujawasha, hilo halihitaji mtaalamu.

Binti yangu ana miaka 8, anataka kuja nami darasani. Anaruhusiwa? — Mama, Nyali

Aje. Wewe utakata, yeye atapanga, na kwake yeye hivyo vibakuli vya vipande vilivyokatwa tayari nilivyovisema vibaya hapo juu ni vizuri kabisa, mradi kingo zimesagwa. Mpe chenga kubwa za rangi na kijiko. Unga wa kioo usimpe.